Kijitabu cha Koča Popović: kinunue, lakini shika kalamu

Kwenye maduka ya fotokopi ya Mlandege na Darajani, na hata Chake Chake, kinauzwa kijitabu chenye jalada la kijani kinachoeleza maisha ya utumishi ya Koča Popović, Mserbia aliyekuwa jenerali wa Tito, kiongozi wa Yugoslavia, na baadaye akasimamia mambo ya nje ya Yugoslavia kwa zaidi ya miaka 12. Hakina jina la mwandishi wala la mchapaji. Kina kurasa 72 za A5. Cha pini ni shilingi 5,000, cha springi ni 6,500. Wanunuzi wake wakubwa ni wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo wanaosoma habari za nchi zisizofungamana na upande wowote, pamoja na watu wazima wa mabarazani ambao jina la Tito walilisikia redioni zamani na wanataka kujua ni nani hasa aliyekuwa akizifanya zile safari na yale mazungumzo.

Tuseme mapema: kinafaa kununuliwa. Maelezo ya Kiswahili yanayomfuata mwanadiplomasia wa Yugoslavia mwaka hadi mwaka ni adimu, na sura yake ya kati ni nzuri kweli. Lakini mwandishi amemaliza wino wake kwenye vita, na pale ambapo msomaji wa Unguja na Pemba alistahiki kuelezwa kinagaubaga, yaani mkasa wa kuitambua Ujerumani Mashariki, ameandika sentensi mbili akaondoka. Kuna pia makosa ambayo yakiingia kwenye karatasi ya mtihani yatakula alama.

Tuanze na kitu chenyewe mkononi. Kurasa 72 za A5 ni karatasi 18 za A4 zilizokunjwa katikati. Karatasi 18 zikikunjwa pamoja, zile za ndani husukumwa nje kidogo, na mashine ya kukatia ikipita inakula ukingo wao. Ndiyo maana kwenye nakala za pini kurasa za 36 na 37, zilizo katikati kabisa, mara nyingi hazina namba. Hilo si kubwa. Kubwa ni karatasi kuruka wakati wa kupanga, kwa sababu karatasi moja hubeba kurasa nne za mahali mbalimbali. Ikikosekana ya tano kutoka nje, unapoteza kurasa za 9, 10, 63 na 64 kwa mpigo, na mwanzo wa sura ya vita na mwisho wa maisha yake ya siasa vinakwenda pamoja. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua katikati na uhesabu mikunjo. Pini nazo, kwa hewa yetu ya chumvi, hushika kutu msimu mmoja tu wa masika na kuacha madoa kwenye mkunjo. Ukiweza kuongeza 1,500, chukua cha springi, ila angalia pambizo ya ndani: ikiwa chini ya sentimita moja na nusu, matundu ya springi yametoboa herufi za mwanzo wa mistari. Picha usizitegemee. Zimetolewa fotokopi ya fotokopi, na ile ya viongozi wa Belgrade mwaka 1961 imekuwa weusi mtupu wenye miwani.

Kasoro ya herufi inahitaji maelezo zaidi, maana inampoteza msomaji tangu ukurasa wa kwanza. Jina limechapwa "Koèa Popoviæ". Hilo si jina la mtu yeyote. Maandishi ya Kiserbia yaliyoandikwa kwa mpangilio wa herufi wa Ulaya ya Kati yamefunguliwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa herufi za Ulaya Magharibi, basi č ikageuka è, ć ikageuka æ, na Đ ikageuka Ð. Herufi š na ž husalimika kwa sababu nafasi zao ni zilezile kwenye mipangilio yote miwili, na hapo ndipo mtego ulipo: msomaji akiona Ž na š zimekaa sawa anadhani na nyingine ziko sawa. Pita na kalamu, kila è iwe č na kila æ iwe ć. Kusoma ni rahisi: č na ć zote mbili kwetu ni "ch", j ni "y", na đ inakaribia "j" ya jambo. Koča ni "Kocha", sawasawa na kocha wa mpira, na ni kifupi cha Konstantin. Ukimtafuta kwenye simu, bonyeza herufi c kwa muda mpaka zitokee č na ć. Na ukitaka kurasa za Kiserbia zilizoandikwa kwa herufi zao za Kisirili, andika Коча Поповић. Ukiandika kwa makosa ya kijitabu hupati kitu.

Hapo hapo kuna kosa zito zaidi. Popović ni jina la kawaida mno kule, kama Juma au Khamis kwetu, na kijitabu kimewachanganya watu. Ukurasa wa 34 unasema Koča alikuwa balozi Moscow baada ya vita, kisha Washington. Huyo ni Vladimir Popović, mtu wa Montenegro. Ukurasa wa 61 unampa uspika wa Bunge la Shirikisho, na huyo ni Milentije Popović, Mserbia mwingine. Koča hakuwahi kuwa balozi popote. Alitoka makao makuu ya jeshi akaingia moja kwa moja kwenye kiti cha mambo ya nje, na jambo hilo peke yake ni la ajabu kiasi kwamba mwandishi mwangalifu angelianzia hapo. Futa sentensi zote mbili.

Tena kijitabu kinasema "Serbia" kila mahali pa kusema "Yugoslavia". Yugoslavia ilikuwa shirikisho la jamhuri sita: Slovenia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Montenegro na Macedonia, na ndani ya Serbia mlikuwa na majimbo mawili yenye mamlaka yao, Vojvodina na Kosovo. Mzanzibari hahitaji kufundishwa tofauti ya serikali ya nyumbani na serikali ya Muungano. Popović alikuwa mtu wa Serbia aliyetumikia shirikisho. Hata chama kilikuwa na ngazi hizo mbili, Umoja wa Wakomunisti wa Yugoslavia na ule wa Serbia chini yake. Asiyeshika tofauti hii hataelewa kitu katika sura ya mwisho, maana kilichomwondoa Popović mwaka 1972 kilianzia kwenye chama cha Serbia, si kwenye wizara yake ya zamani.

Sura za utoto na ujana ni fupi na sahihi: kuzaliwa Belgrade tarehe 14 Machi 1908 katika familia ya kitajiri, miaka ya Uswisi, falsafa Paris, ushairi pamoja na kundi la washairi wa Belgrade waliofuata mkondo wa usurrealisti, yaani sanaa ya ndoto isiyofungwa na mantiki, kuingia chamani 1933, kisha Hispania kuipigania jamhuri. Vita vyenyewe vinajaza kurasa 22, nyingi mno kwa kitabu kinachodai kueleza diplomasia. Yanayofaa kushikwa ni haya. Desemba 1941, katika mji wa Rudo, iliundwa Brigedi ya Kwanza ya Proletari na yeye akawa kamanda wake. Juni 1943, kwenye mto Sutjeska, divisheni yake ndiyo iliyotoboa mzingiro wa Wajerumani. Vita vilipokwisha 1945 akawa Mkuu wa Majeshi.

Lakini humo humo kijitabu kimeruka jambo ambalo kwa mwanadiplomasia ni kubwa kuliko mapigano yote hayo. Machi 1943 wapiganaji wa Tito walituma watu watatu kuzungumza na Wajerumani juu ya kubadilishana wafungwa na kusimamisha mapigano kwa muda. Watatu hao walikuwa Milovan Đilas, Vladimir Velebit na Koča Popović. Sababu ya kurukwa ni rahisi kuikisia: kijitabu kimefuata vitabu rasmi vya zama za Tito, na vitabu hivyo havikupenda kulitaja jambo hilo. Mtu aliyekaa meza moja na adui katikati ya vita, akajua cha kutoa na cha kuzuia, hakuingia wizarani akiwa mgeni wa kazi. Andika pambizoni mwa ukurasa wa 22.

Sura ya miaka ya ukuu wa majeshi, 1945 hadi 1953, ni ya kupita nayo kwa haraka, ila msomaji asiiruke. Tarehe 28 Juni 1948 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, na wenzake waliitoa Yugoslavia kwenye jumuiya yao ya vyama vya kikomunisti. Arso Jovanović, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Tito wakati wa vita, alichagua Moscow na akapigwa risasi akijaribu kuvuka mpaka kwenda Romania. Popović alibaki na Tito. Mwaka 1951 jenerali huyo mkomunisti alikwenda Washington kuzungumzia silaha, na Novemba mwaka huohuo mkataba wa msaada wa kijeshi na Marekani ukatiwa saini. Kijitabu kinaeleza hili vizuri na kwa lugha safi. Mwanafunzi anayedhani kila mkomunisti wa zama hizo alikuwa akipokea amri Moscow asome kurasa za 32 hadi 35 mara mbili.

Sasa sura ya kati, kurasa za 36 hadi 58, na hapa mwandishi anastahili sifa. Anaanza Januari 1953, Popović anapompokea kijiti Edvard Kardelj. Cheo chake kimeelezwa sawa: mwaka ule katiba ilibadilishwa, na aliyekuwa akiitwa waziri akaitwa katibu wa serikali wa mambo ya nje. Ukikuta vitabu viwili vinampa vyeo viwili, vyote viko sawa kwa maana ya kazi. Mwezi mmoja tu baadaye, 28 Februari 1953, alitia saini Ankara mkataba wa urafiki na Uturuki na Ugiriki, na tarehe 9 Agosti 1954 kule Bled ukawa mkataba wa ulinzi. Mwandishi ameona jambo ambalo wengi hawalioni: Uturuki na Ugiriki zilikuwa zimeshaingia NATO, jumuiya ya kijeshi ya nchi za Magharibi, kwa hiyo Yugoslavia ilipata kinga ya pembeni bila ya kuingia yenyewe. Kisha Stalin alikuwa amekufa, Khrushchev aliyemrithi akaja Belgrade 1955, na mkataba ule ukapungua uzito. Mantiki hiyo imefuatwa hatua kwa hatua, bila pupa.

Kurasa bora za kijitabu kizima ni zile za Suez. Oktoba 1956 Israel, Uingereza na Ufaransa zilipoishambulia Misri, Yugoslavia ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimeshatumia kura ya turufu kuzuia maazimio. Yugoslavia ikapeleka azimio la kuitisha kikao cha dharura cha Baraza Kuu, ambalo ni azimio namba 119 la 31 Oktoba 1956. Likapita kwa kura 7 dhidi ya 2, na wawili hawakupiga upande wowote. Waliopinga ni Uingereza na Ufaransa wenyewe. Mbona turufu yao haikuliua? Kwa sababu kuitisha kikao ni suala la utaratibu, na kwenye utaratibu turufu haifanyi kazi. Mwandishi ameeleza hilo kwa mistari mitano tu, na ni mistari ambayo mwalimu yeyote wa historia angeweza kuisoma darasani kama ilivyo. Baadaye Yugoslavia ikawa miongoni mwa nchi 10 zilizopeleka askari kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa kule Sinai, kilichodumu hadi 1967.

Kisha linakuja kosa ambalo huenda ndilo limeenea zaidi kwenye madaftari ya wanafunzi. Ukurasa wa 47 unasema Tito na Popović walihudhuria mkutano wa Bandung, Indonesia, 1955. Hawakuhudhuria. Bandung ulikuwa mkutano wa nchi 29 za Asia na Afrika, na Yugoslavia ni ya Ulaya. Ukurasa unaofuata unasema vuguvugu la kutofungamana lilianzishwa Brioni, kisiwa cha Yugoslavia, Julai 1956, Tito alipokutana na Nehru wa India na Nasser wa Misri. Brioni ulikuwa mkutano wa watu watatu uliotoa tamko la pamoja, basi. Mkutano wa kwanza wa viongozi ulikuwa Belgrade, 1 hadi 6 Septemba 1961, kwa nchi 25, baada ya kikao cha maandalizi Cairo mwezi Juni mwaka huohuo. Mchanganyiko huu unatokana na watu kuzipanga Bandung, Brioni na Belgrade kama vituo vya basi moja. Bandung ilikuwa habari ya bara na ukoloni, na humo zilikuwamo hata nchi zenye mikataba ya kijeshi na Magharibi, kama Uturuki na Pakistan. Belgrade ilikuwa habari ya kambi: sharti ni kutokuwa ndani ya mapambano ya wakubwa. Ndiyo maana Yugoslavia, isiyoweza kuwamo Bandung, iliweza kuwa mwenyeji wa Belgrade. Na kwa kuwa kijitabu kinauzwa kwetu, kingeongeza kwamba wakati huo si Tanganyika wala Zanzibar iliyokuwa huru. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 na Zanzibar Desemba 1963.

Tunafika ukurasa wa 52 na zile sentensi mbili. Zinasema: Yugoslavia iliitambua Ujerumani Mashariki 1957, na Ujerumani Magharibi ikakasirika. Hapa ndipo kijitabu kilipotakiwa kukaa kitako.

Ujerumani Magharibi, ikiwa na makao yake Bonn, ilikuwa na kanuni inayoitwa ya Hallstein, kwa jina la Walter Hallstein, ofisa mkubwa wa wizara yake ya mambo ya nje. Kanuni ilisema kwamba serikali inayoiwakilisha Ujerumani ni moja tu, na nchi itakayoitambua ile ya Mashariki itahesabiwa imefanya tendo la uadui. Nchi ya kwanza kuangukiwa na kanuni hiyo ilikuwa Yugoslavia. Oktoba 1957, Popović akiwa ndiye mwenye dhamana ya mambo ya nje, Belgrade iliitambua Ujerumani Mashariki, na mwezi huohuo Bonn ikavunja uhusiano wa kibalozi. Biashara haikukatika. Ila ubalozi haukurudi mpaka Januari 1968, Popović akiwa ameshaondoka na Marko Nikezić ameshika nafasi yake. Zaidi ya miaka 10, basi. Kuba ikafuata njia hiyo Januari 1963.

Mwaka mmoja baada ya Kuba ikaja Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, serikali ya Karume ilitambuana na Ujerumani Mashariki, na ubalozi wao ukafunguliwa hapa Unguja, wa kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Ulipokuja Muungano tarehe 26 Aprili, Tanganyika ilikuwa na ubalozi wa Bonn na misaada yake, Zanzibar ina ubalozi wa Wajerumani wa Mashariki, na kanuni ya Hallstein ikaingia ndani ya nyumba moja. Yaliyofuata wazee wa Mji Mkongwe wanayajua: mvutano wa miezi, ubalozi wa Mashariki kushushwa ukawa ubalozi mdogo mwanzoni mwa 1965, Bonn kuondoa msaada wake wa kijeshi hata hivyo, na Nyerere kuwaambia waondoe na uliobaki. Nyumba za maendeleo za Kikwajuni zilizojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki bado zinakaliwa na watu.

Kuziweka kesi hizi mbili pamoja kungelikuwa somo la kutosha kurasa sita. Yugoslavia ilipoteza ubalozi ikabaki na biashara, kwa sababu ilikuwa na cha kuuza na misaada yake mikubwa haikutoka Bonn. Tanzania ilipoteza misaada, kwa sababu misaada ndiyo kamba iliyokuwa mikononi mwa Bonn. Popović alifanya uamuzi wake akiwa na miaka minne ya uwaziri na jeshi nyuma yake. Zanzibar ilifanya wa kwake ikiwa na wiki chache za serikali mpya. Mwanafunzi wa hapa akiuliza "Yugoslavia inanihusu nini mimi?", jibu lake lilikuwa kwenye ukurasa huu, na mwandishi amelipita.

Sura ya mwisho ni ya haraka lakini tarehe zake ziko sawa. Aprili 1965 anaacha mambo ya nje. Julai 1966, baada ya Aleksandar Ranković, aliyekuwa na cheo hicho kabla yake, kuangushwa katika kikao cha chama kule Brioni, Popović anakuwa Makamu wa Rais. Mei 1967 cheo chenyewe kinafutwa, kwa hiyo ni yeye wa pili na wa mwisho kukishika. Sababu ya kujiuzulu kwake 1972 imeandikwa "afya". Hiyo irekebishwe. Marko Nikezić na Latinka Perović, walioongoza chama cha Serbia tangu 1968 na kutaka uchumi uachiwe pumzi na chama kisiingilie kila kitu, walilazimishwa na Tito kuondoka Oktoba 1972. Popović alijitoa kwenye nyadhifa zake kwa kuwaunga mkono, akakaa nje ya siasa miaka 20, akafariki Dubrovnik Oktoba 1992, nchi aliyoitumikia ikiwa imeshavunjika na mji huo umeshapigwa mizinga. Ukurasa wa 64 unasema "alistaafu kwa heshima zote". Mtu aliyeacha vyeo kwa hiari yake ili asishiriki kuwafukuza wenzake anastahili sentensi ya kweli zaidi.

Kwa shilingi 5,000 mwanafunzi anapata sura moja bora, ratiba ya tarehe yenye kurasa nne zinazoaminika, na faharasa ndogo ya majina, iliyoharibiwa na herufi tu. Kwa mtihani soma kurasa 32 hadi 58, ukivuka ile ya 47 na ya 48 hadi uzisahihishe. Ukurasa wa 58 umeachwa nusu wazi. Panatosha kuandika kwa mkono: Oktoba 1957 Belgrade, Januari 1963 Havana, 1964 Unguja, Januari 1968 Bonn na Belgrade kurudiana. Tumia penseli au bolipeni. Kalamu ya wino kwenye karatasi hii nyembamba hupenya mpaka upande wa pili.